Tulivyokwenda Kuposa Montreal kwa Ndege ya Panzi

Sababu ya safari hii ilikuwa kabati la nguo. Eriki, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana karakana ya samani pale Gisozi, na siku moja akaingia dada mmoja aliyekulia Kanada, akataka kabati ambalo milango yake haipigi kelele. Kabati hilo lilichukua muda mrefu kuliko kabati lolote lililowahi kutengenezwa Gisozi. Mara bawaba hazijafika, mara mbao hazijakauka, mara fundi wa vanishi amesafiri. Nilipopita karakanani nikawakuta wawili hao wamekaa juu ya mbao wanacheka, na kabati limesimama nyuma yao limeshang'arishwa zamani. Nikajua mteja huyu haendi na kabati tu.

Jina lake Liliane. Alikuja Kigali kwa kazi ya miezi michache, sasa alitaka kubaki maisha yake yote. Baba yake, Mzee Gaspari, anaishi Montreal, na ana maradhi ya moyo ambayo kwa sababu yake daktari amemkataza kupanda ndege. Tulipompigia simu ya video kumwomba binti, kama watu wengi walivyofanya wakati wa korona, alisikiliza salamu zote kwa adabu, akauliza habari za mvua, kisha akasema, "Binti yangu haombwi kwenye kioo. Anayemtaka aje akae kwenye kiti changu." Simu ikakatika. Na Liliane akatuambia wazi kwamba asiporidhika baba yake, yeye hafungi ndoa.

Sasa, kwetu mtu haendi kuposa peke yake. Bwana harusi siku hiyo hafungui mdomo. Wanamsemea wazee, na mmoja wao lazima awe fundi wa maneno, anayeitwa umukwe mukuru, kwa sababu upande wa binti watakataa kwa makusudi. Watajifanya hawawajui, watasema mmepotea njia, watasema binti ameingia utawa. Kazi ya huyo fundi ni kuwajibu kwa ucheshi mpaka walegee. Ni mchezo, lakini ukiucheza vibaya mnarudi nyumbani mikono mitupu. Kumpeleka mtu mmoja Kanada kwa ndege za kawaida ni kuuza kiwanja. Kuwapeleka wanne, Eriki alikonda kwa kuwaza tu.

Liliane ndiye aliyeleta ufumbuzi. Shirika moja la Ulaya la ndege za bei rahisi, lililozoea kubeba watalii kwenda ufukweni, lilikuwa limeanza kuvuka Atlantiki kutoka Brussels mpaka Montreal. Kwenye mikia ya ndege zao wamechora panzi anayeruka. Mimi nimekulia Karagwe, ambako senene ni chakula cha heshima, nikaona hiyo ni dalili njema. Mke wangu, Mama Keza, aliuliza swali moja tu.

"Kwa nini ni rahisi hivyo?"

Visa zilipopatikana, baada ya safari nyingi za kupeleka karatasi na kurudishwa, tukakata tiketi.

Kigali, Jumatano mchana. Nyumba yangu Kicukiro ilikuwa kama ghala. Masharti ya ndege ya Panzi yalisema kila abiria begi moja dogo, la kuingia chini ya kiti, basi. Mama Keza alikuwa na nguo zetu wote za sherehe, zawadi za mama wa binti, kahawa, na kikapu cha agaseke chenye mfuniko mrefu uliochongoka, ambacho alisema hakiachwi hata ikibidi mimi niachwe. Alikunja, akafungua, akakunja tena. Mwishowe nguo zangu za kubadilisha zilibaki kitandani na mashati mawili nikayavaa kwa pamoja.

Fundi wetu wa maneno alifika na begi jepesi kuliko yote. Huyu ni Mzee Sebastiani, mwalimu mstaafu wa Gisozi. Harusi ambayo hajaisemea katika mitaa ile basi wahusika walitoroka. Ana sauti nzito inayofika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti, na hakuwahi kupanda ndege. Hupenda kunisemesha Kiswahili, hata nikimjibu Kinyarwanda, ili tu kunikumbusha kwamba nililelewa Tanzania. Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Karagwe na hakina mapambo, jambo ambalo Kigali wanalicheka bila kuchoka.

Kwenye teksi ya kwenda Kanombe, uwanja wa ndege, dereva alimtazama kwenye kioo.

"Mzee, kule iko baridi sana. Uko na koti?"

"Miye iko na maneno, sha," alijibu Mzee Sebastiani. "Maneno yangu iko na moto ya kutosha." Akaendelea kufanya mazoezi ya hotuba yake mpaka tukashuka.

Ndege ya kwanza, ya kutupeleka Brussels, ilikuwa ya shirika la kawaida, na hapo ndipo Mzee Sebastiani alipojifunza kitu ambacho hakikuwa kweli. Mhudumu alipomletea chakula, mzee aliweka mkono kifuani akasema hapana, asante, ameshiba. Alikuwa na njaa kama sisi wote. Lakini ukikaribishwa chakula kwa watu hukubali mara ya kwanza. Unakataa, mwenyeji anakubembeleza, unakataa kidogo, halafu unakula. Mhudumu yule, Mungu ambariki, alitabasamu akamwekea trei hata hivyo, na baadaye akamfunika blanketi bila kuulizwa. Mzee aligeuka akaniambia kwa furaha kwamba kumbe ndege ni kama nyumba za watu.

Brussels, asubuhi. Tulitembea ndani ya uwanja ule mpaka miguu ikauma, kwa kuwa lango la Panzi lilikuwa mwisho kabisa, baada ya maduka yote na baada ya viti vyote vizuri. Hapo palisimama fremu ya chuma ya kupimia mabegi. Begi likiingia, unapita. Lisipoingia, unalipia, na bei yake ingemfanya Eriki auze msumeno wake mkubwa. Begi langu liliingia. La Eriki liliingia baada ya kulikalia. La Mama Keza liliingia lote isipokuwa ncha ya mfuniko wa agaseke, iliyochungulia juu ya chuma kama kidole cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Msichana wa lango alitikisa kichwa kwa huruma. Mama Keza hakubishana. Alitoa mfuniko, akauvaa kichwani, akaufunga juu kwa kitambaa chake cha kitenge, akasimama mbele ya yule msichana akiwa mrefu kuliko mimi.

"Mwambie hii ni kofia," aliniambia.

Nilimwambia. Msichana alimtazama Mama Keza, akatazama foleni ndefu nyuma yetu, akacheka mpaka akashika meza. Tukapita. Mke wangu alivuka Atlantiki na mfuniko ule kichwani hadi alipoambiwa na mtu wa nyuma yake kwamba haoni mbele.

Juu ya bahari, mchana kutwa. Ndege ya Panzi ilikuwa safi na mpya, na iliruka vizuri. Kwa hilo sina neno. Lakini viti vilikuwa vimegawiwa vyovyote vile, kwa sababu kuchagua kiti ni malipo. Mimi nilikaa karibu na choo, Mama Keza mkiani, Eriki katikati ya ndugu wawili waliokuwa wamenuniana, na Mzee Sebastiani mbele kabisa, peke yake, nikiona upara wake tu. Chakula ni kununua. Maji ni kununua. Ubaridi ulikuwa wa bure.

Mama Keza alikuwa amejiandaa. Viazi vitamu alivyovichemsha Kicukiro alivifunga kwenye karatasi ya fedha, na saa za kula zilipofika alitoa sehemu yetu, akaikabidhi kwa aliyekaa mbele yake, akaonyesha kwa kidole kwamba isogezwe. Kifurushi kikaanza safari yake mwenyewe, kutoka mkono hadi mkono. Tatizo ni kwamba kila aliyekipokea alidhani amekaribishwa. Kijana mmoja mwenye ndevu alikifungua, akachukua kiazi, akala, akageuka akainua kidole gumba kwa Mama Keza. Bibi mmoja alichukua nusu. Mtoto wake naye akalia, akapewa. Ungefanya nini? Mtu ameshatafuna, utamwambia ateme? Kifurushi kilipofika kwangu nilichukua kimoja na dhamiri ikinisuta, na kilipofika kwa Mzee Sebastiani ndani palikuwa na kiazi kimoja na karatasi.

Nilichoshindwa kukiona kutoka nyuma ni hiki. Mwanzo wa safari mhudumu alipita na mablanketi yaliyofungwa kwenye plastiki, akamuuliza mzee kwa Kifaransa kama anataka. Mzee alijua kwamba yanauzwa, Liliane alikuwa ametueleza, na Eriki alimwekea pesa mfukoni kwa ajili hiyo hasa. Lakini aliweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema hapana, asante sana. Kisha akasubiri kubembelezwa. Mhudumu akaenda zake. Akapita tena na kahawa, akauliza, mzee akakataa kwa adabu, akasubiri. Akapita na maji. Hivyo hivyo, mpaka Kanada.

Tulipotua nilimkuta amejikunja kitini, kadi ya maelekezo ya usalama ameiweka kifuani chini ya koti la suti ili izuie baridi.

"Mzee, kwa nini hukuchukua blanketi?"

Alifungua mdomo. Kilichotoka ni upepo. Nilisogeza sikio, nikapata maneno mawili matatu: "Aliniuliza mara moja moja tu."

Niliwageukia Eriki na Mama Keza. Tulikuwa tumevuka bahari kwenda kuzungumza, na mazungumzo tulikuwa tumeyaacha angani.

Montreal, alasiri ya siku hiyo hiyo, maana jua la kule lilikuwa limetusubiri. Alitupokea Inosenti, binamu yake Liliane, dereva wa basi la mji, mtu mnene mwenye kucheka haraka. Yeye ndiye angekuwa msemaji wa upande wa binti, na yeye ndiye pia tuliyelala kwake, kwa kuwa mwingine mwenye vyumba hakuwepo. Alituwekea sharti mlangoni kabisa.

"Leo ni ndugu zangu. Kuleni, mlale. Jumamosi siwajui, na nitawasumbua."

"Tutasumbuka," nilisema.

Ijumaa nzima Inosenti na mkewe walimpikia Mzee Sebastiani chai ya tangawizi na asali na limau. Adui yetu alikuwa akimtibu jemadari wetu, na alifanya hivyo kwa moyo mmoja, hata akamfunga skafu yake mwenyewe shingoni. Mzee alikunywa kila kitu baada ya kukataa kwanza. Jioni alijaribu kusema "Mungu ni mwema" ikatoka kama mlango mbovu. Akanishika mkono, akaninyooshea kidole kifuani.

"Mimi?" niliuliza. "Mimi nauza rangi na vitasa Kicukiro. Nikisema Kinyarwanda watoto wanacheka."

Alinong'ona kwamba atakaa nyuma ya sikio langu na kunipa kila neno. Sikulala vizuri. Nilikuwa nikimwaza kaka yangu, ambaye siku hiyo ilikuwa yake, na ambaye alikuwa na ulimi mzuri kuliko wangu.

Jumamosi, nyumbani kwa Mzee Gaspari. Nyumba za mtaa ule zina ngazi za chuma nje, zimejipinda kama kamba hadi ghorofa ya kwanza. Tulipanda kwa mstari, Mama Keza mbele katika mushanana, vazi letu la sherehe, na agaseke iliyokamilika mikononi, mimi katika shati safi la ndani kati ya yale mawili. Sebule ilikuwa imejaa watu wa Rwanda na Burundi, wamepanga viti pande mbili zikitazamana. Liliane, aliyekuwa ametutangulia Montreal, alikuwa amefichwa chumbani na dada zake, kama ilivyo desturi. Mzee Gaspari alikaa kwenye kiti chenye mikono mipana karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba, amenyoa ndevu vizuri, macho makali. Alitusalimia mmoja mmoja bila kuinuka.

Tulipewa kinywaji kwanza, kwa kuwa mtu hasemi haja yake kabla hajanywa. Kisha Inosenti, aliyenikaangia mayai asubuhi ile, alinitazama kama anayeona kiumbe kipya.

"Wageni, mmetokea wapi? Mnaonekana mmechoka. Au mmekosea nyumba? Wanaotafuta kazi ya kufagia theluji wanaingia mlango wa chini, na tena huu si msimu wake."

Watu wakacheka. Nyuma ya sikio langu Mzee Sebastiani akanong'ona kitu kirefu sana na kizuri sana, chenye ng'ombe, mwezi, na mto Nyabarongo. Nilikishika nusu.

"Tumetoka mbali," nilisema. "Kuna mto. Hatujapotea."

Wakacheka zaidi. Inosenti alijiuma midomo asicheke, akaendelea. Alisema binti anayesikia tunamtafuta alishaolewa. Mzee akaninong'oneza shairi. Nikasema, "Basi tuonyesheni mumewe tumsalimie, maana tumemwachia Eriki kabati lake na hakuja mwanamume kulichukua." Hilo halikutoka kwa mzee, lilinitoka tu. Kina mama wa upande wa pili walipiga makofi. Nikaanza kupata moto. Inosenti akasema binti amekuwa mtawa. Nikamuuliza ni watawa wa shirika gani wanaoagiza makabati yenye vioo vitatu. Nyuma yangu nilisikia mzee amenyamaza, na aliponigusa bega nilijua ameridhika.

Mchezo ulipokuwa umefika mahali pazuri, Mzee Gaspari akainua mkono. Sebule ikatulia. Si kawaida baba wa binti kuingilia, na Inosenti mwenyewe alishangaa. Mzee alizungumza Kiswahili, Kiswahili cha Bujumbura alikokulia, ili nielewe bila kusaidiwa, na nadhani pia ili wengi wa vijana waliokuwa pale wasielewe.

"Baba Keza, huu mchezo ni mzuri, na mimi naupenda. Lakini nina swali la kweli. Mimi nilimwacha mama yangu Bujumbura. Nilimwambia nakwenda kidogo, narudi. Sikuwa mwongo, niliamini nitarudi. Maisha yakanishika, tiketi ikawa ghali, watoto wakazaliwa, kisha wakanipigia simu kwamba amefariki, na hata kumzika sikuenda. Sasa mnamchukua Liliane. Mimi siwezi kupanda ndege. Ataniona tena?"

Mzee Sebastiani akaninamia sikioni. Mzee Gaspari akatikisa kidole.

"Hapana. Sitaki yake. Nataka yako."

Nilimtazama Eriki, ameinamisha kichwa kama mshitakiwa. Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguka kidogo na najua nani alikuwa nyuma yake. Nilitamani niwe na maneno ya kaka yangu. Sikuwa nayo, nikasema niliyokuwa nayo.

"Mzee, mimi si mtu wa maneno, umeshaona. Sina mali nyingi. Tumekuja na ndege inayouza hata maji. Huyu mzee wetu amepoteza sauti kwa baridi. Viazi vyetu vililiwa na Wabelgiji. Lakini tumekuja wanne, kwa sababu ulisema tuje tukae kwenye kiti chako. Nikirudi nyumbani na Liliane, kila mwaka nitamleta akusalimie. Eriki akiweza, atamleta Eriki. Asipoweza, mimi. Mwaka nitakaoshindwa, nipigie simu unitukane, na mke wangu asikie."

Mabega ya Mzee Gaspari yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba ni moyo, kumbe anacheka.

"Viazi vililiwa na nani?"

"Mmoja ana ndevu," alisema Mama Keza. "Na mama mmoja na mwanawe."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha. Halafu akamwambia Inosenti kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mwenye nyumba, "Wape watu hawa kinywaji kingine. Wamekuja kwao."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, na Liliane akatolewa chumbani akiwa analia na kucheka. Tulitaja ng'ombe wa mahari, aliyekuwa akila majani yake Nyagatare bila kujua sifa anazopewa upande wa pili wa dunia. Mzee Sebastiani alisimama, akafungua mikono, akatoa hotuba nzima kwa midomo tu, bila sauti hata moja, na watu walimpigia makofi kuliko mtu yeyote siku ile.

Kurudi, Jumanne. Uwanja wa ndege wa Montreal, Mzee Gaspari alikuja kutusindikiza kwenye kiti cha magurudumu, kinyume cha ushauri wa mkewe. Liliane alikuwa anasafiri nasi kwa maandalizi ya ndoa ya kanisani. Walishikana mikono muda mrefu. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la vimiminika. Mzee aliponiaga hakunikumbusha ahadi, alinibana mkono tu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Ndani ya ndege Mzee Sebastiani alikubali blanketi kabla mhudumu hajamaliza kuuliza, akanunua na la pili kwa tahadhari.

Kigali, Agosti. Ndoa ilifungwa Kicukiro, ukumbi ukajaa, na Mzee Sebastiani alinguruma kama redio mpya. Mzee Gaspari aliangalia yote kwenye simu aliyoishika Mama Keza. Alisema kuangalia kunaruhusiwa kwenye kioo, kuomba ndiko hakuruhusiwi.

Kigali, Oktoba. Eriki alifika dukani kwangu akiwa amevaa aproni ya kazi, vumbi la mbao kichwani, akanionyesha simu yake. Shirika la Panzi lilitangaza kwamba safari za Atlantiki hazikulipa. Linarudi kwenye ufukwe wake. Ndege ya mwisho ya Montreal ingeondoka mwisho wa mwezi.

"Baba mdogo, tutafanyaje? Liliane hajasema kitu. Amekaa tu."

Nilimwambia aende kazini. Nilipobaki peke yangu nilikasirika kweli, nikamtukana panzi yule kwa lugha zote tatu ninazozijua. Kisha hasira ikapoa, nikaona nimekasirikia wasiohusika. Panzi hakumwahidi mtu kitu. Aliuza tiketi, akatufikisha salama, basi. Aliyeahidi nilikuwa mimi, nimekaa sebuleni kwa mtu, nikiwa nimeshika glasi yake.

Jumapili iliyofuata niliwaalika nyumbani wote waliokuwa kwenye kamati ya harusi. Walikuja wakidhani ni shukrani. Nilingoja kila mmoja afungue soda yake, halafu nikawaambia kwamba kamati bado haijavunjwa. Walipiga kelele. Jirani yangu mmoja alisema hajawahi kusikia harusi yenye kamati miezi miwili baada ya keki kuliwa. Mzee Sebastiani, kwa sauti yake yote, aliwaeleza kuhusu mama wa Bujumbura ambaye hakuzikwa na mwanawe, nao wakanyamaza. Hakuna aliyeondoka bila kuweka chochote cha nauli ya Liliane. Eriki alichukua kazi ya vitanda vya hoteli moja ya Nyarutarama na akaonekana nyumbani kwake mara chache. Mimi niliuza pikipiki ambayo Mama Keza alikuwa akiniombea niiuze siku zote, hivyo huyo alifurahi mara mbili.

Safari hii imenifundisha jambo dogo, nalo nawaachia. Nilidhani tumempata Liliane kwa sababu nauli ilishuka. Nauli ilitufungulia mlango mara moja, nikaingia, nikasema neno. Mlango ulipofungwa neno lilibaki kwangu, na ilinibidi nilibebe kwa bei ya kawaida kama watu wengine.

Kigali, Desemba. Liliane aliondoka kwa ndege tatu, na mzunguko mrefu usio na maana kwenye ramani. Siku ya pili nilikuwa dukani nikichanganya rangi ya mteja, simu ikaita, namba ya Kanada. Nilifuta mikono haraka.

"Baba Keza." Alikuwa Mzee Gaspari, na nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana na wanawake wakicheka. "Amefika. Yuko jikoni na mama yake. Usiniulize anarudi lini."

Nikarudi kwenye rangi ya mteja.